Mita Sita za Mpimaji

Alizaliwa wapi, baba yake nani, ukoo gani, hayo kamuulize mtu mwingine. Mimi nitakuambia alivyotembea. Ukijua alivyotembea, umeshamjua.

Alitembea kama mtu anayekwenda kumkamata mwizi lakini hataki mwizi ajue. Kifua mbele, mikono nyuma, midomo inacheza. Ukikutana naye ukasema, "Mzee, salaam," hakujibu. Aliinua kidole kimoja, yaani ngoja, akaendelea kwenda. Ukimfuata mpaka asimame, hapo ndipo anakugeukia. "Mia nne na kumi na mbili. Sasa salaam. Watoto iko salama?"

Alikuwa anahesabu hatua. Hatua yake moja ilikuwa sentimita sabini na tano, alisema, na alivyosema hivyo ungedhani ni askari anataja namba ya bunduki yake. Hatua nne, mita tatu. Hatua nane, mita sita. Hiyo hesabu aliipata ukimbizini Uganda, alikokuwa akiwabebea vyuma wapimaji wa barabara mpaka siku moja wakamwachia apime mwenyewe. Hai Malakal yote, mtaa wetu hapa Juba, ilimwita Mpimaji. Kuna watu waliishi naye ukuta kwa ukuta na hawakujua jina lake. Mimi nalijua, lakini silitaji, kwa sababu mwenyewe alikuwa halipendi.

Ukimuuliza mbona hatumii tepu ya kupimia kama wapimaji wengine, alikasirika. "Tepu ya kitambaa inavutika na jua. Ya chuma inapata kutu. Mguu yangu ilivutika lini?"

Mimi nilimjua kwa sababu ya aibu ya mtu mwingine. Binti yake mkubwa aliolewa na bwana mmoja wa ofisini, mwenye gari kubwa jeupe la vioo vyeusi. Sasa hapa Juba, mtu mzima akionekana anakwenda kwa miguu saa sita mchana, watu hawasemi anatembea. Wanasema, "Kwani hana watoto?" Na kama ni baba mkwe wa mtu mwenye gari, basi hiyo aibu yote inaruka inamtua mkwe. Ukoo wa mke unaanza kunong'ona: tulimpa binti, na yeye hata kumbeba mzee wetu anashindwa.

Mkwe akanifuata stendi ya boda. Mimi ni mtu wa boda, sijaficha. Shule niliachia darasa la tano huko Kitale, tulikokuwa tumekimbilia. Kusoma na kuandika vizuri nimejifundisha mwenyewe, kwenye simu na kwenye magazeti ya kufungia chapati. Kwa hivyo ukiona nimekosea mahali, nyamaza, soma mbele.

"Kijana, unamjua Mpimaji?"

"Nani hamjui?"

"Kuanzia kesho wewe ndiye miguu yake. Popote anapokwenda, mbebe. Mimi na wewe tutaonana mwisho wa mwezi."

Nikafurahi. Mzee mmoja, safari fupi fupi, kazi gani rahisi kama hiyo? Asubuhi nikasimama mlangoni kwake, boda nimeiosha inang'aa.

"Mzee, panda."

Akaniangalia. Akaangalia boda. "Wewe ni mgonjwa?"

"Hapana, mzee."

"Mimi ni mgonjwa?"

"Hapana."

"Sasa boda ya nini?" Akaondoka.

Nifanye nini, na kazi nimeshaikubali? Nikawasha, nikatia gia ya kwanza, nikamfuata nyuma. Wewe umeshajaribu kuendesha pikipiki kwa mwendo wa mzee? Inayumba kama mlevi. Injini inachemka, paja linaungua. Na watu wa Juba unawajua kwa mdomo. "Boda inasindikiza! Ni waziri ama ni maiti?" Kutoka Hai Malakal mpaka Konyokonyo sokoni, hakuna mtu ambaye sikutaka kushuka nimpige. Mimi hasira yangu haikai mbali. Wiki mbili nilikwenda hivyo. Wiki ya tatu nikachoka, nikazima injini, nikashuka, nikaanza kuisukuma nikiwa kando yake.

Akaniangalia kwa jicho la pembeni. "Sasa wewe iko mtu," akasema. Ndiyo mara ya kwanza aliniongelesha njiani.

Kutoka hapo tukawa tunaiacha boda kwa mama wa chapati, Mganda mmoja jirani yake mwenye mdomo kama pilipili, na tunatembea sote. Asubuhi natembea na mzee, mchana natafuta abiria wangu. Mkwe tulimficha. Mimi nilikuwa nataka kumwambia, mzee akakataa. "Mwache apate usingizi."

Sasa nikuambie alichonifundisha, maana najua utasema kama nilivyokuwa nasema mimi, kwamba watu wa mjini ni wavivu.

Siku moja tumesimama kando ya barabara kubwa ya lami. Mama mmoja akatoka dukani, akapanda boda, akashuka sokoni. Hata jiwe ungelitupa lingefika. Mzee akaniuliza, "Kwa nini yeye ametoa pesa?"

"Uvivu," nikasema.

Haki, nilidhani atanipiga. "Uvivu! Mama ameamka usiku, amechota maji, amefua nguo ya watu sita, wewe kijana ya kukaa juu ya injini unasema uvivu! Angalia chini. Angalia mahali yeye angeweka mguu."

Nikaangalia. Mtaro wa maji machafu, haujafunikwa. Baada ya mtaro, gari mbili zimeegeshwa mpaka zimegusa ukuta. Kwa hivyo mtu wa miguu lazima ashuke kwenye lami, na kwenye lami lori la tanki la maji linakuja halina habari. Akirudi juu anakuta nani? Boda imekata kona ndani ya watu, inapiga honi, dereva anatukana. Dereva ni mimi, ama mwenzangu, hakuna tofauti. Na jua liko juu, kivuli hakuna hata cha mbuzi.

"Huyo mama si mvivu," akasema. "Njia imemfukuza."

Halafu kuna mambo ya viatu. Hilo sikuwahi kulifikiria mpaka aliponiambia. Hapa mtu akifika ofisini, askari wa getini haangalii uso, anaangalia viatu. Viatu vina vumbi, wewe ni mtu wa kusimama nje. Viatu vinang'aa, wewe ni mheshimiwa, pita. "Watu mingi napanda boda, si sababu ya mguu," mzee alisema. "Ni sababu ya viatu." Yeye alikuwa na dawa yake. Masika alivaa gambuti, kiangazi alivaa sandali za tairi, na kwapani alikuwa na mfuko mweusi wa plastiki. Akifika karibu na geti la ofisi yoyote, anakaa juu ya jiwe, anapangusa miguu kwa kitambaa, anatoa viatu vyeusi vilivyopigwa rangi mpaka unajiona ndani, anavaa. Anaingia kama balozi. Gambuti zinabaki nje, mimi ndiye nazilinda.

Na magari yaliyoziba njia? Hapo ndipo nilimpenda kabisa. Mimi ningepiga teke mlango. Yeye alikuwa anagonga kioo taratibu kwa kidole.

"Salaam. Tafadhali fungua hii mlango, na ule mlango ya pili."

"Kwa nini, mzee?"

"Nataka kupita. Njia iko ndani ya gari yako."

Nimeona dereva mmoja akimtukana. Nimeona watatu wakicheka wakasogeza gari. Na nimeona mmoja, haki ya Mungu, akifungua milango yote miwili, mzee akainua miguu, akaingia upande huu, akakaa kidogo, akasogea, akatoka upande ule. Akasema asante. Akaendelea na hesabu pale alipoachia, na ya ndani ya gari akaihesabu kuwa hatua mbili.

Usidhani alikuwa malaika. Mtu aliyewataka watu wote watembee alikuwa hawezi kabisa kuvumilia watu wanaotembea. Ukienda polepole mbele yake anaanza kupumua kwa nguvu kwenye shingo yako. Wasichana watatu wakishikana mikono njia nzima, anakasirika siku nzima. Alikataa lifti kwa mtu yeyote, lakini kukiwa na msiba alidai kiti cha mbele na alinuna akiwekwa nyuma. Alichukia magari na alijua sauti ya kila injini, amelala ndani anakuambia, "Hiyo pampu ya dizeli nakufa." Na madereva aliowalaani kwa Kiarabu siku sita, Jumapili aliwaombea. Tulikuwa tunakwenda pamoja misa kanisa kuu la Kator, na nilimsikia kwa masikio yangu akiwataja kwa Mungu kwa namba za magari yao, moja baada ya nyingine.

Alikuwa na kitu kimoja tu alichokitaka duniani. Nyuma ya nyumba zetu kuna khor, mkondo wa maji ya mvua, na kando ya huo mkondo kuna njia ya miguu inayotoka Hai Malakal kuelekea Kator na sokoni. Haigusi lami hata kidogo. Watoto wanapita kwenda shule, akina mama wanapita na mizigo, mgonjwa anapelekwa zahanati kwa wilbaro, lile toroli la gurudumu moja. Kwenye ramani ya mtaa ile njia ni mita sita, kutoka mawe ya mpaka yaliyopangwa kando ya khor mpaka ua wa kila nyumba. Mzee aliitunza kama shamba. Palipotuama maji aliweka mawe ya kukanyagia, na hakuyapanga kwa hatua yake, aliyapanga kwa hatua ya mama mwenye mtoto mgongoni. Palipo na kijito alilaza ubao, akaurukia mara tatu kuona kama utavunjika, ndipo aliruhusu watu.

"Nikikufa njia iko wazi, nilifanya kazi," aliniambia. "Nikikufa imefungwa, nilikuwa natembea tu."

Ua wa nyumba zote za ule mstari ulipimwa na yeye. Miaka miwili kabla ya hayo nitakayokuambia, mvua kubwa ilibomoa ua wa watu wote, na kila mtu alimwita amwonyeshe pa kujenga upya. Alikuwa anaweka kisigino kwenye jiwe la mpaka, anahesabu hatua nane, anagonga chini. "Hapa. Chimba." Alianza na kwake, kisha kwa mama wa chapati, kisha kwa wengine mpaka mwisho. Hakuna aliyebisha. Angebisha nani?

Sasa kuna jambo nililolijua mimi peke yangu, na nililinyamazia.

Nilipoanza kutembea naye, kutoka mlangoni kwake mpaka mlango wa kanisa Kator zilikuwa hatua elfu mbili na mia nne. Baadaye zikawa elfu mbili na mia sita. Halafu, mwaka wa ile mvua, mia nane na kitu, zikabaki hapo.

"Mzee, wamesogeza kanisa?" nilimtania.

"Barabara inakuwa mrefu," akasema. "Mashimo. Ukizunguka shimo, unaongeza hatua."

Nikakubali. Lakini nilikuwa nimeshaona kwamba sitoki jasho tena nikiwa naye. Nilikuwa napunguza mwendo ili asijue napunguza. Mwenzangu mmoja stendi akasema, "Mzee wako siku hizi anatambaa," nikamrushia kofia ya chuma, ikamkosa kidogo. Unaanzaje kumwambia mtu kama yule kwamba miguu yake imefupika? Mimi sikuweza. Nilidhani kunyamaza ndiyo mapenzi.

Ndipo akaja mwenye ghala. Tajiri mmoja alinunua kiwanja cha mwisho cha mstari wetu, akaanza kupandisha ukuta wa tofali. Ukuta ukaacha upenyo wa kama mita tatu tu kutoka mawe ya mpaka, na tukasikia kwamba na hiyo iliyobaki atawekea geti, malori yake yalale humo. Kwisha. Njia ikifungwa mwisho wake, imefungwa yote. Watoto wote na wilbaro zote zinarudi kwenye lami, mbele ya matanki ya maji.

Mzee hakulala. Alivaa viatu vyeusi, akaenda ofisi ya ardhi, siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Mimi nje na gambuti. Mwisho wakakubali kumtuma afisa na ramani.

Siku hiyo mtaa wote ulitoka. Afisa alikuwa kijana mpole, ana tepu ya chuma ndefu imejikunja kama nyoka. Mwenye ghala alikuja na watu wake wanne. Mzee alisimama katikati ya njia, shati limepigwa pasi, uso wa mtu aliyeshinda kabla ya kuanza.

"Ramani inasema mita sita," akasema. "Bwana huyu ameacha tatu. Pima."

Afisa akavuta tepu kutoka jiwe mpaka ukuta. "Mita tatu na kidogo."

Watu wakapiga vigelegele. Mama wa chapati akapiga sufuria. Lakini mwenye ghala hakukasirika, akatabasamu, na mimi nikijua tabasamu la mtu wa soko nikaogopa.

"Sawa," akasema. "Mimi nimekosa. Lakini pima na za hawa. Ama sheria iliandikwa kwa ajili yangu mimi tu?"

Mzee akacheka kwa sauti. "Pima! Anza na yangu!"

Mimi nikakumbuka zile hatua za Kator. Nikataka kumwita kando, nimechelewa.

Afisa akaweka tepu kwenye jiwe, akaivuta mpaka ua wa mzee. Akaangalia. Akaangalia tena. "Mita tano."

"Pima vizuri."

"Mita tano, mzee wangu. Njoo uone."

Mzee hakwenda kuona. Aliweka kisigino chake kwenye jiwe, kando ya ile tepu iliyolala chini, akatembea. Watu wote walimhesabia kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka nane, na ya nane ikagusa ua kabisa. Nane. Na chini ya kiatu chake tepu inasema tano.

Mzee akainama. Akaangalia miguu yake kama unavyomwangalia rafiki uliyemkuta ametia mkono mfukoni mwako.

Afisa akaenda kwa mama wa chapati. Tano. Nyumba ya tatu, tano. Ya nne, tano. Mstari mzima, kila nyumba imekula mita moja ya njia, na kila mmoja alichimba pale mzee aliposema chimba.

Mwenye ghala akapiga kofi la furaha. "Mpimaji! Kumbe mwizi mkuu ni wewe! Umepimia wizi mtaa mzima!"

Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka kola yake iko mkononi mwangu na watu wake wanne wako juu ya mgongo wangu. Halafu sauti ya mzee: "Wewe kijana. Mwache. Amesema kweli."

Akanivuta kando. Alikuwa anaongea chini chini.

"Wewe natembea na mimi kila siku. Ulijua?"

Ningeweza kudanganya. Nikaangalia vile viatu vyake. "Nilijua, mzee."

"Leo adui yangu ndiyo ameniambia," akasema. "Wewe ulikuwa wapi?"

Nimepigwa maishani mwangu, na polisi, na askari, na mama yangu. Hakuna kofi lililoniuma kama hilo.

Nikadhani ataingia ndani afunge mlango. Mtu mwingine angefanya hivyo, na mwenye ghala alikuwa anangoja hasa hilo, maana njia ingekufa siku hiyo hiyo. Mzee alivua viatu vyeusi, akavirudisha kwenye mfuko, akanipa nishike. Akaingia ndani, akatoka na panga na mtaimbo. Akaanza kukata kamba za ua wake mwenyewe, mbele ya watu wote, mbele ya afisa ambaye hajamaliza hata kukunja tepu. Ua ukaanguka. Nyuma yake kulikuwa na rakuba, kile kibanda cha matete cha kupikia na kupumzika, marehemu mke wake alikipenda sana. Nguzo mbili zilikuwa ndani ya ile mita moja. Akazing'oa. Rakuba ikainama ikakaa chini taratibu kama ng'ombe.

Halafu akaanza kwenda mlango kwa mlango, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Malesh," alikuwa anasema. Samahani. "Mimi nilipima vibaya. Ua yako iko ndani ya njia. Mimi nitabomoa, wewe kaa tu."

Kwa mama wa chapati ndipo moto uliwaka. Huyo alikuwa amejenga jiko lake la kuuzia kwa simenti, limeshikana na ua.

"Mzee! Wewe ulisema hapa! Nikamwaga simenti hapa! Sasa chapati nitapikia juu ya kichwa?"

"Utapikia kwangu. Uwanja yangu ni kubwa."

"Kwako kuna kuku wako wanakanyaga unga!"

"Nitafunga kuku."

"Na wewe mwenyewe utafungwa na nani? Unakuja kuvunja nyumba za watu na miguu yako mifupi!"

Mzee akaushika mtaimbo vizuri. Mimi nikafungua mdomo nimtukane, nikaona macho ya mama yamejaa machozi, nikafunga. Akamwangalia mzee kutoka nyusi mpaka miguu. Halafu akamnyang'anya mtaimbo. "Lete hapa. Utajivunja mgongo halafu tukulishe." Na pigo la kwanza kwenye lile jiko alipiga yeye mwenyewe, akimtukana mzee kwa Kiganda kila pigo.

Tulibomoa siku mbili. Mkwe alikuja siku ya pili na lile gari jeupe, amesikia baba mkwe wake anabomoa nyumba kama kibarua. Akaliegesha njiani. Mzee hakumwangalia, hakumsalimia, mpaka akarudi akalitoa. Mkwe akaja tena kwa miguu, viatu vya ofisini vinazama kwenye udongo.

"Baba, ungeniambia nikuletee wafanyakazi."

"Wafanyakazi hawakupima. Mimi nilipima."

Mkwe hawezi kubishana na baba wa mke wake, hiyo kwetu haipo. Akavua koti, akatafuta pa kulitundika, akakosa, akanipa mimi niliyekuwa tayari na mfuko wa viatu. Akachukua koleo.

Jioni ya siku ya pili, mstari wote ulikuwa umerudi nyuma mita moja, umenyooka, na mwisho wake ukuta wa mwenye ghala umejitokeza peke yake kama jino lililobaki mdomoni. Hakuna aliyekwenda kumtukana. Watu walipita tu, wanakwenda sokoni, wanarudi, na kila mmoja akifika pale anageuza bega, anapenya, anaangalia ule ukuta, anaendelea. Mtu anaweza kubishana na ramani. Anaweza hata kuinunua. Lakini kubishana na watu waliovunja vyao kwa mikono yao, anaanzia wapi? Siku nane alivumilia. Siku ya tisa tukasikia nyundo, watu wake wanashusha tofali.

Ile njia leo ukiipita utaona. Mita sita, jiwe mpaka ua. Mtaa ulimwaga murram, ule udongo mwekundu wa barabara, akina mama wakapanda miarobaini upande wa khor, na mama wa chapati akaweka benchi na jagi la maji ya kunawa miguu kwa mtu mwenye haraka ya ofisi. Na watu wanatembea. Wanawake, wanafunzi, mabwana wa tai. Wenzangu wa stendi waliniletea nuksi, wakasema nimewaua kwa sababu zile safari fupi zimeisha. Nikawaambia waje tupigane ama watembee. Nusu wanatembea. Kwa hivyo ukisikia mtu redioni anasema watu wa Juba hawapendi kutembea, mwambie aje Hai Malakal asubuhi, nitampokea mimi mwenyewe.

Mzee aliacha kuhesabu kutoka siku ya tepu. Ukimsalimia anakujibu hapo hapo, unashtuka. Mimi alininyima maneno kama wiki tatu. Halafu asubuhi moja akanikuta mlangoni kwake, akasema, "Leo nakwenda pole pole namna gani?" Nikamwambia ukweli: "Kama kobe, mzee." Akatikisa kichwa, tukaenda.

Baadaye miguu ilimchoka kabisa, binti yake akamhamishia kwake Sherikat, ng'ambo ile ya daraja la mto. Mara ya mwisho nilipomwona ni mwezi uliopita. Mkwe alimleta kwa gari, akamshusha barabarani, tukamshika mkono mmoja mmoja mpaka kwenye benchi, mkwe akaenda shughuli zake. Mzee akakaa. Akanyoosha miguu yote miwili mbele kama mtu aliyefika kwake, akaanza kuangalia watu.

Akaja msichana mmoja, mgeni wa mtaa, simjui. Anasukuma wilbaro imejaa madumu ya maji, jasho linamtoka, na gurudumu linakuja moja kwa moja kwenye miguu ya mzee.

"Mzee, miguu!" akapiga kelele. "Hapa watu wanapita!"

Damu ikanipanda. Nikasimama. "We dada, unajua unaongea na nani? Unajua huyu ni—"

"Hata awe nani! Njia si kitanda chake!"

Mzee akanishika shati kwa nyuma, akanivuta nikakaa. Akainama, akaushika mguu mmoja kwa mikono miwili, akaurudisha chini ya benchi. Akaushika wa pili, akaurudisha.

"Malesh, binti yangu," akasema. "Pita."

Akapita, hata hakugeuka. Mzee aliiangalia ile wilbaro mpaka ikapotea upande wa Kator, anacheka peke yake bila sauti, mabega yanatikisika. Na ile miguu hakuinyoosha tena, alikaa nayo imekunjwa chini ya benchi mpaka mkwe alipokuja kumchukua.